Kampuni Yetu Haiezeki Mto

Mvua ya El Nino ilikuwa imetulia kidogo, kama mtu anayevuta pumzi apate kutukana vizuri. Siku hizo nilimwona kwa macho yangu mbuzi wa jirani akiwafundisha bata kuogelea. Tulikuwa benchini kwa Kache, muuza kahawa wa Mwabungo. Mwinyihaji, tumwitaye Redio, akatusomea habari kutoka kichwani.

"Makampuni ya bima huko Ulaya yanaiogopa hali ya hewa. Yanasema miti isikatwe, watu wasijenge kwenye njia ya maji."

"Mwenye fedha akiogopa, sisi tufanyeje?" akauliza Baya Sindano, fundi wa kuezeka makuti.

Akafika Seth, wakala wa bima kutoka bara, suruali imekunjwa hadi magotini, mkoba wa fomu kichwani. Miezi minane alikuwa akitubembeleza, hajapata mteja hata mmoja.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu. Leo watuuzia bima ya nini?"

"Leo siuzi. Paa langu lilianguka jana, maji yakapita sebuleni. Na mke wangu Everline anafika Jumamosi na mtoto mchanga."

"Kampuni yako si italipa?"

Seth akayatazama matope. "Nilijikatia bima ya moto. Mafuriko hayamo."

"Moto," akasema Sindano. "Labda samaki walitaka kupika."

Redio akakohoa. "Hebu lete fomu. Hata benchi hili ni kampuni ya bima." Akaigeuza nyuma, akaomba kalamu. "Jina tunalo. Tangu uje, umehudhuria mazishi mangapi?"

"Nilikuwa kazini, mzee."

"Sifuri. Paa la Bi Zulekha lilipong'oka, ulikwenda?"

"Nilikwenda. Kumuuzia bima."

Sindano akaficha uso nyuma ya kikombe. "Huyu ni hatari tupu."

"Mkaguzi wetu asemaje?" Redio akanigeukia mimi, niliyewahi kukagua mafuriko yaliyozamisha minazi mitatu iliyopandana.

"Nyumba iko juu ya mkondo wa mto," nikasema. "Mwenye nyumba aliufukia apangishe. Kampuni yetu haiezeki mto."

"Kwa hiyo mnanikataa?" Sauti ilikuwa imeshuka.

"Nani kakukataa?" akasema Redio. "Kesho alfajiri utachimba mtaro, maji yarudi kwao, nasi tutakuwa nawe. Ijumaa baada ya swala Sindano analeta makuti. Nawe paa la mwenzako likianguka, uje bila mkoba."

Seth akatia sahihi, akashukuru, kisha akabaki na kalamu hewani.

"Wazee, niulize kitu. Mvua hii ikiangusha mapaa yote usiku mmoja, nani atakwenda kumwezekea nani?"

Kache akaacha kumimina. Redio akalitazama wingu lililotoka upande wa Galu, jeusi kama sufuria ya harusi.

"Kumbe Wazungu wanaogopa hilo," akasema polepole.

Kisha akainuka. "Kache, jembe lako liko wapi? Alfajiri ni mbali."

Tukaacha kahawa ikifuka. Miezi minane Seth hakuuza kitu. Kwa swali moja alituuzia sote hofu ya Wazungu, na mimi mwenye mgongo mbovu nilipewa koleo.