Simu ya Kukunja na Fahali wa Minjila

Miraji wa Kipini hakuwa mwizi. Mwizi huchukua mali ya mtu asiyejua. Miraji alikuwa akimpa mtu shauri, mtu akakubali, akashukuru, akamwombea dua, ndipo Miraji akachukua. Siku hiyo ya soko la mifugo alikuwa Garsen kwa sababu moja tu: Malindi walikuwa wameanza kumkumbuka.

Mfukoni alikuwa na simu mbili. Moja ni yake mwenyewe, ya kawaida, nzima, na ndani yake amehifadhi majina ya watu wote ambao hafai kuwapokea wakipiga. Ya pili ilikuwa ya kukunja. Ukiifunga ni ndogo kama kijaluba cha tambuu, ukiifungua kioo kinatanda kama ukurasa wa msahafu. Aliipata kwa bei ya samaki wawili. Fundi aliyemuuzia alimwambia kweli, maana mafundi wengine wana udhaifu huo: bawaba imelika, waya wa kioo umebaki uzi. Itafunguka mara kumi, kisha itazima na haitawaka tena. Mara tatu Miraji alikwisha kuzimaliza kwa kujifurahisha. Zilibaki saba.

Kando ya zizi la mnada, chini ya turubai la chai, mzee mmoja alikuwa akilalamika kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Alikuwa Mzee Abdirizak, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Minjila, na mkononi alishika kisimu kilichofungwa kwa mpira ili betri isianguke.

"Mimi leo nanunua simu," alisema. "Watoto yangu wanasema, baba, nunua ile ya kukunja. Mimi moyo unasema ya kawaida. Nani atanipa shauri?"

Miraji alihisi vile anavyohisi korongo chura anapomuuliza njia.

"Asalaam aleikum, mzee wangu," akasema, akivuta kiti. "Shauri ni sadaka. Mimi nazitumia zote mbili."

Akaitoa ile ya kukunja, akaifungua polepole, kama mtu anayefunua chakula cha bwana harusi. Sita.

"Mashallah," akasema mzee. "Lete mimi nifungue mwenyewe."

Tano.

"Ya kawaida ina ubaya gani?" mzee akauliza.

"Haina ubaya. Ila simu isiyokunjika ni kama mtu asiyejua kuinama. Itafika siku ivunjike."

Mzee akatafakari. Akamwita dalali wa soko, mtu mmoja mrefu jina lake Sora, aje atoe maoni. Sora hakuwahi kutoa maoni juu ya kitu asichokishika. Nne. Kisha mzee akataka kujua kama inaonyesha kibla. Tatu. Kibla kilikuwa kule kule kilikokuwa siku zote, na mzee akaridhika.

"Mzee wangu," Miraji akasema, jasho likimtoka, "kitu kizuri hakifunguliwi ovyo. Chukua, tumalize."

"Haraka ya nini? Hata ng'ombe naangalia meno." Akanyoosha kidole penye fahali mwekundu mwenye nundu kubwa, aliyesimama amefungwa kwenye kigingi kwa utulivu wa hakimu. "Piga picha fahali yangu. Nione sura yake kama inatosha hapo ndani."

Mbili. Sura ilitosha, nundu ikakatwa. Mzee akasema picha irudiwe. Akaifunga simu, akaifungua mwenyewe kwa mikono miwili. Moja. Akaifunga tena kwa bahati mbaya, akaifungua haraka kabla Miraji hajasema neno.

Ikalia *ka*. Kioo kikawa cheusi.

Miraji alishika kichwa. Alikuwa ameona biashara ikifa, lakini kabla mikono haijashuka akaona nyingine ikizaliwa juu ya kaburi lake.

"Mzee!" akasema, sauti ikitetemeka kwa ufundi. "Umeivunja!"

Abdirizak aliitazama simu, akamtazama Miraji, akawatazama watu. "Ndiyo," akasema. "Mali ya mtu nimevunja. Mimi nalipa." Kisha akapiga mfuko. "Lakini pesa yote ya leo nimetuma nyumbani. Chukua fahali."

Fahali yule angenunua simu za kukunja tano, zinazofunguka. Miraji alikataa mara moja kwa adabu, akakubali kwa huzuni. Sora akaandika karatasi ya mauziano, mashahidi wakatia vidole: tangu saa hiyo fahali mwekundu ni mali ya Miraji, pamoja na pembe zake, mkia wake na mdomo wake. Mzee akapanda boda, akaenda zake. Miraji akaenda kumtafuta mwenye lori la ng'ombe la kwenda Mombasa, akamfungua fahali ili ampeleke akaonekane.

Fahali alimfuata hatua tatu. Kisha akageuka, akashika njia ya Minjila.

Hakukimbia. Alitembea kama karani anayetoka kazini, kichwa chini, bila kumtazama mtu. Miraji alining'inia kwenye kamba, akavuta, akaomba, akatukana kwa Kiswahili safi cha pwani. Wakatoka mjini, wakaacha lami, wakashuka kwenye nyanda za mafuriko. Tope likachukua kiatu cha kushoto. Mbele kidogo palikuwa na shamba la mahindi, na fahali akaingia humo kwa heshima zote, akaanza kula.

Akatokea mama mmoja mwenye jembe begani.

"Habari ya mchana," akasema. "Mimi ni Priscilla, na hili ni shamba langu. Huyo ng'ombe ni wa nani?"

"Simjui, mama. Mimi napita tu."

"Na kamba?"

"Nimeiokota."

"Vizuri. Basi iachie. Nitampeleka kwa chifu, mwenyewe atamfuata huko."

Miraji aliuona utajiri wake ukiondoka kwa miguu minne.

"Mama, ngoja. Ni wangu!" Akatoa karatasi kwa mkono wake mwenyewe. Priscilla akaisoma, akairudia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Karatasi nzuri. Imetaja hadi mdomo. Sasa lipa mahindi."

Pesa Miraji hakuwa nazo za maana. Akatoa simu ya kukunja, akaishika ikiwa imefungwa, akaanza kuisifu: ni ya kisasa, inaingia kwenye leso, mwanamke mwenye simu kama hii huamkiwa na watu asiowajua.

"Fungua."

"Kitu kizuri hakifunguliwi ovyo, mama."

"Na hiyo nyingine inayotokeza mfukoni?"

"Hiyo ni ya kawaida tu. Haina maana."

"Inawaka?"

Miraji aliisukuma ndani zaidi ya mfuko, nayo kioo chake kikawaka.

"Nachukua inayowaka," akasema Priscilla.

Miraji alijifariji kwamba fahali amebaki naye, na kweli alibaki naye, ila safari haikuwa ya Miraji. Fahali alipomaliza kula aliendelea na njia yake hadi Minjila, akaingia kwenye boma la Mzee Abdirizak, akalala mahali ambapo ardhi ilikuwa na umbo lake.

"Karibu," akasema mzee, akimmiminia chai ya maziwa. "Fahali yako imekuleta? Mchukue, ni wako."

Miraji alivuta hadi viganja vikachubuka. Fahali alicheua.

"Hii hapendi kulala nje," mzee akaeleza kwa upole. "Nikiuza, anarudi. Wewe nipe karatasi, mimi nalipia boda yako mpaka kwenu."

Miraji aliitazama karatasi, akautazama mguu wake wa kushoto, akaitoa. Ile simu ya kukunja akaambiwa abaki nayo.

Alikuwa nyuma ya ua akiosha tope wakati mgeni alipoingia bomani bila kubisha. Sauti aliijua. Alikuwa Priscilla.

"Wa leo mwepesi," alikuwa akisema. "Yule wa mwezi jana tulipoteza siku mbili. Na mahindi yenyewe nilikwisha vuna, amekula mabua tu. Hii hapa simu, mzee, uijaribu."

"Nzuri," ikajibu sauti ya Abdirizak. "Na yeye mpe chumvi yake." Kisha ikasikika sauti ya ulimi mpana ukilamba karai.

Miraji alisimama pale na mguu mmoja ukichuruzika maji. Alifikiria polisi, akafikiria pia maswali ambayo polisi wangemuuliza. Hasira ilimpanda hadi kooni, na ilipofika hapo ikageuka kitu kingine, kama anachohisi msomaji mdogo wa Kurani anapomsikia mkubwa. Akazunguka ua, akasimama mbele yao.

"Mzee wangu," akasema, "mko wewe, mama, na huyu fahali. Katika kazi yenu hakuna nafasi ya mtu wa nne?"

Abdirizak alimwangalia kutoka kichwani hadi kwenye mguu usio na kiatu, bila haraka, kama anavyoangalia meno.

"Wa nne ni Sora," akasema. "Boda inangoja."