Jiwe Limesimama, Daraja Limelala

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya kwanza bungeni. Kiti laini ajabu! Kile cha udiwani kilikuwa cha plastiki, tena mguu mmoja mbovu. Jirani yangu, mheshimiwa niliyembandika jina la Miwani, kasimama, kasema maneno mawili, meza zikapigwa ukumbi mzima. Mimi sijapigiwa hata kidole. Wivu? Hapana. Haya, kidogo.

Jumanne, 4 Machi
Kufa kufaana! Mke wangu kapiga simu: daraja la mtaro wa sokoni limebomoka, mama yake katumbukia na kikapu cha nyanya. Nikauliza kama mama mkwe kaumia. Akasema goti tu, mdomo uko salama. Nikamshukuru Mungu kwa la goti. Diwani wa kule sasa ni kinyozi aliyenirithi kiti, anayewaambia wateja wake kwamba mimi sikufanya lolote. Kesho atanitambua!

Jumatano, 5 Machi
Nimeunguruma. Nikasema kwetu yuko diwani anayejenga madaraja ya biskuti, mama zetu wanaogelea mtaroni. Nikadai iundwe kamati, na diwani aliyelijenga daraja lililobomoka avuliwe wadhifa wowote alio nao sasa. Wowote! Meza zikapigwa mpaka glasi ya Miwani ikaanguka. Spika akakubali papo hapo. Nikatoka natembea kama bwana harusi.

Ijumaa, 7 Machi
Mke kapiga tena. Kaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa, eti daraja lile lilijengwa enzi za nani. Nikaanza kujibu. Nikahesabu miaka kwa vidole. Lo! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Fundi alikuwa kaka yake, yaani shemeji yangu. Diwani nilikuwa mimi. Jasho limenitoka hadi kwenye soksi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekimbilia nyumbani. Mpango: jiwe la uzinduzi ling'olewe kabla kamati haijafika, maana jina langu limechongwa pale, herufi kubwa kama masufuria. Shemeji kaja na nyundo. Tumegonga mpaka mpini ukavunjika. Jiwe halikutikisika! Shemeji akanikumbusha kwamba saruji ya daraja ilipungua kwa sababu mimi mwenyewe niliamuru nyingi iende kwenye jiwe, lisije likaanguka. Kinyozi akatoka dukani na wateja wake, mmoja kanyolewa nusu kichwa, wote wanacheka.

Mama mkwe alikuwa kando ya mtaro, goti limefungwa bendeji. Hakucheka. Akaniambia, baba, mimi kura yangu nilikupa kwa ajili ya hili daraja. Niliona aibu, kweli kabisa. Nikashindwa kumtazama usoni.

Jumapili, 9 Machi
Kamati imefika. Jiwe limepigwa picha, mbele na nyuma. Kisha wakanisomea maneno yangu mwenyewe, hasa lile la wadhifa wowote. Wamesema nijiandae kurudi kwenye plastiki, tena kama raia.

Nimekaa kutwa nikitafakari nilipokosea. Nimepaona! Cheo kilikuwa kidogo. Diwani anaulizwa na mbunge, mbunge anaulizwa na kamati. Waziri je? Nani atathubutu? Uchaguzi ujao narudi, na safari hii siishii kwenye ubunge. Nikishika wizara, kwanza nitamchukulia hatua yule mbunge aliyeropoka bila kuuliza. Pili, mama mkwe atapata daraja jipya.

Nimeshamwambia shemeji ajiandae. Aanze na jiwe.