Nilivyosafisha Mistari ya Kijivu

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu hali, halali. Alhamisi anamwonyesha bosi kazi yake. Ikifaa, anaajiriwa, isipofaa, anarudi kukaa bure. Nimemwuliza hasa ni kazi gani. Kasema kuna lugha ya kompyuta ya watu wa hesabu. Humo wanaandikiana maelezo, ambayo kompyuta inayaruka tu, haiyasomi. Yeye anaunda programu ya kuyapaka kijivu ili yasichanganyike na hesabu. Tabu ni maelezo yaliyo ndani ya maelezo mengine: kijivu kinakatika katikati. Nimeitikia. Nilichoelewa mimi ni kwamba kijivu ndicho adui!

Jumanne, 4 Machi
Jirani yangu mshonaji kaniuliza dirishani kama binti bado anapaka kompyuta rangi. Mwanawe yuko benki, anavaa tai. Nimemjibu wangu havai tai, kichwa chake kinataka hewa. Nimeingia ndani, nikabamiza mlango.

Jumatano, 5 Machi
Kaenda kuoga, kaacha mashine wazi. Ukurasa mzima kijivu! Kama kompyuta haisomi, ya nini? Nikafuta mstari mmoja mmoja, kama anayechambua mchele. Nikahifadhi, kitufe chake nakijua. Ukurasa ukang'aa.
Katoka na taulo kichwani, akapiga ukelele. Kumbe ulikuwa ukurasa wa majaribio, maelezo magumu magumu aliyoyakusanya ili apimie rangi yake! Akakaa sakafuni. Kasema, mama, umenifutia mtihani wenyewe. Nikaanza kulia mimi. Ghafla akakumbuka: nakala iko ofisini! Akacheka mpaka taulo likaanguka. Ewe Mola, ahsante! Nimeapa sitaigusa tena mashine ile kwa mkono wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Amefaulu! Kijivu kimeanza panapotakiwa, kimeishia panapotakiwa, hata maelezo yakibebana mgongoni. Ameajiriwa! Tena bosi anataka kumpa kazi kubwa zaidi, aisimamie mwenyewe. Nimepiga vigelegele chini ya dirisha la mshonaji. Roho kwatu.

Ijumaa, 7 Machi
Mtoto amelala kama gogo. Kakonda, shingo yote mifupa. Na kwenye mashine bosi ameandika anataka jibu leo, anaikubali kazi ile kubwa au vipi. Hawa watu hawana huruma! Nimemjibu mimi, nikibonyeza kwa ncha ya penseli, herufi moja moja, mkono haukugusa kitu: bosi mpendwa, mpe mwingine mwenye mwili, huyu apumzike. Nimetuma.
Nimemfunika shuka vizuri. Akiamka atanishukuru.