Kabichi Zinazoelea

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Si nguo za mwilini, hizo ninazo, zimejaa matope tu.) Nyie mlioko Dar na Arusha mtalisikia kwa watu, kwa hiyo heri mnisikie mimi kwanza.

Mnajua Prisca binti yangu alipohamia Dodoma aliniachia tangi la kioo la samaki. Alilinunua mjini Moshi. Siku hizi kila kitu kinaletwa, hata samaki wasioliwa. Juu ya maji kulikuwa na majani madogo yanayoelea, kama kabichi za mwanasesere, mizizi yake inaning'inia kama ndevu. Akaniambia, "Baba, yakifunika nusu ya maji, punguza. Yakifunika yote, samaki watakosa hewa." Nikasema sawa, mwanangu.

Lakini mimi ni mtu wa kihamba, wa migomba na kahawa. Kitu cha kijani nakitilia samadi. (Kijiko tu! Cha chai!) Jamani, yale majani! Unalala yako nusu, unaamka hujui samaki wako wapi. Nikawa napunguza. Sasa kuyatupa roho inakataa, kitu kinachoota unakitupaje? Nikampelekea ng'ombe. Akanusa, akanitazama kama mgeni aliyeletewa uji usio na chumvi. Basi nikawa nayachota kwa ndoo namwaga kwenye mfongo, ule mfereji wetu unaopita nyuma ya nyumba. Nikajua maji yatayateremsha mpaka Chekereni huko bondeni, wale wa mpunga watajua wenyewe la kufanya.

Kumbe kabla ya Chekereni kuna nduwa! Lile bwawa letu la kukusanyia maji, kila mtu anafungulia shamba lake kwa zamu. Mnajua mwenyekiti wa mfongo ni nani. Mimi. Kabla yangu baba, kabla yake babu. Mtu akiosha chombo humo namtoza faini. Hata jirani yangu Mama Aurelia, mjane wa watu, nilimtoza kwa sufuria moja ya makande. Alilipa, akanyamaza.

Leo asubuhi ilikuwa zamu yake. Kafungua, maji hayatoki. Zamu iliyopita alipata kidogo tu, akadhani kuna mtu wa juu anaiba. Maharage yake yako kwenye maua, na jua hili si la kuchezea. Akaja mlangoni kwangu. "Meku, mzee wangu, njoo uone nduwa yako."

Nikavaa koti la mikutano, nikachukua mkongojo. Kufika, Yesu na Maria! Bwawa lote kijani. Makabichi kama vichwa vya watu, yameshikana, yameziba tundu la kutolea maji. Zangu za sebuleni ni za ukubwa wa kidole gumba, kwa hiyo sikuwaza chochote. (Naapa. Mtu akikua mbali na nyumbani, hata baba yake hamtambui.)

Watu walishaanza kuyavuta kwa reki na majembe. Nikapanda ukingoni, nikawasimamisha ili nihutubie. Nikaanza na babu aliyeshiriki kuchimba mfongo. Nikapita kwenye kahawa, enzi zile kahawa ilipokuwa kahawa. Nikafika kwenye biashara huria, jinsi inavyotuletea kila takataka. Nikasema aliyefanya hivi hana adabu, wala hajui maji ni nini. Watu wakainamisha vichwa. Nikadhani nimewagusa.

"Taja faini, mwenyekiti," akasema Stanslaus, rafiki yangu wa tangu ujana. Sauti ya upole kabisa.

"Beberu! Na pipa la pombe ya mbege!"

"Hiyo tu?"

"Na asafishe nduwa hii peke yake! Asisaidiwe na mtu!"

"Je, akiwa mtu mzima, mwenye mvi?"

"Hata awe na mvi mpaka kwenye kope!" Nikapiga mkongojo chini.

Wakapiga makofi. Makofi marefu, mpaka mimi mwenyewe nikashangaa.

Ndipo Mama Aurelia akaingiza mkono chini ya yale makubwa, akatoa kitoto chake. Cha kidole gumba. Ndevu zinaning'inia. Akakiweka kwenye kiganja changu taratibu.

"Huyu mtoto sisi wote tumekunywa chai mbele yake, meku. Ilikuwa sebuleni kwa nani?"

Nikakiangalia. Nikaangalia bwawa. Nikakiangalia tena.

"Mlikuwa mnajua?"

"Tangu tulipofika," Stanslaus akasema. "Tukasema ngoja tusikie faini kwanza."

Kicheko! Kuna mama alikaa chini kabisa, kanga mdomoni. Wengine wakaweka reki zao begani. Amri ya mwenyekiti, asisaidiwe na mtu!

Nikavua koti, nikaingia. Maji mapajani, matope yananivuta viatu. Huku juu wananiongoza, "Pale umeruka, mwenyekiti! Kule pia!" Nikageuka, nikamkuta Mama Aurelia kashaingia, anavuta upande wa pili.

"Toka, mama, hii ni faini yangu."

"Faini ni yako. Maharage ni yangu."

Hapo waliokuwa wanacheka wakazitoa reki begani. Mmoja mmoja wakashuka.

Maji yalitoka jua limeshakuwa kali. Nikayafuata na jembe langu mpaka shambani kwake. Maua mengi yalikuwa yamekwisha kudondoka, yametapakaa chini. Mimi na hotuba yangu! Ningefunga mdomo asubuhi, wale watu na reki zao wangekuwa wamemaliza mapema. Nikakata jani la sale mpakani, nikampa. Mnajua kwetu ukiombwa msamaha kwa sale hukatai.

Akalipokea. "Mimi nimekusamehe, meku. Sasa waulize na hawa," akanionyesha maharage.

Nimemwambia debe la maharage litatoka kwangu wakati wa mavuno. Akasema tutaona.

Kiti cha mwenyekiti niliwarudishia watu palepale nduwani. Wamekikataa! Stanslaus anasema hawajapata mwingine anayejua kujitoza faini vizuri namna hii.

Mbege ya faini itaiva Jumamosi, karibuni. Ila atakayetaka kunicheka angoje nikae kwanza, maana mgongo huu leo hauwezi hata kukimbia aibu.