Unirudishie Kelele za Springi Zangu

Uyole, Mbeya
9 Septemba 1957

Kwa Bwana Liberatus Kalinga,
Fundi wa Magari, Iringa

Bwana Fundi,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa mimi ninayeiandika si mzima hata kidogo, na aliyeniumiza ni wewe.

Utalikumbuka gari langu la kijani, lile linalosukuma kwa magurudumu yote manne, ninalobebea mchele wa Rujewa siku za kazi na familia nzima siku ya Jumapili. Nililileta kwako mwezi uliopita kwa sababu lilikuwa likilia. Ulilala chini yake, ukaniamuru nirukeruke juu ya bampa la nyuma mbele za watu, mimi mzee wa kanisa, nawe ukatega sikio. Ukasema ile "kwii" ni vipande vya springi vinavyosuguana bila grisi, na "ngo" inayofuata ni bushi zilizokwisha. Ukabadilisha bushi, ukafungua springi ukazipaka grisi, ukafunga na shokomzoba mpya. Kutoka Iringa hadi Uyole gari halikutoa sauti. Zamani ilinibidi niimbe nyimbo za kanisani kwa sauti kuu njia nzima ili nisiisikie ile kelele. Safari hii nilifunga mdomo, nikaufurahia ukimya kama mtu aliyepewa cheo.

Hapo ndipo mashtaka yangu yanapoanzia.

1. Kuku. Walikuwa wamezoea kutawanyika mapema. Siku ile ile niliyorudi nilimkanyaga jogoo wa mke wangu Damari, yule aliyekuwa akingojea Krismasi. Tumemla, na Damari alinitazama mlo mzima.

2. Wazee wenzangu wa kanisa. Nilipokuwa nikija na kelele zangu walipata muda wa kutosha kuficha kibuyu cha pombe. Sasa nimewakuta watatu wamekizunguka, mmoja akiwa na povu kwenye ndevu. Mimi sikutaka kujua, Bwana Kalinga. Kwa miaka minne sikujua, na tuliishi vizuri. Sasa mchungaji ananiuliza nilichoona, na wao hawaniitikii salamu.

3. Sasa nafika panapouma. Wewe ni Mhehe, huenda hujui uzito wa jambo hili kwetu Wanyakyusa. Mke wa mwanangu haonani na mimi. Jina langu halitamki, na akijua nakuja huacha njia akajificha mpaka nipite. Hiyo ndiyo heshima yake kwangu, na heshima yangu kwake ni kumpa nafasi ya kujificha. Tusajigwe aliolewa na mwanangu Anyosisye mwaka jana, na nyumba yao iko upande wa pili wa migomba yangu. Mwaka mzima sikuuona uso wake. Nilimjua kwa ndizi zake za maziwa tu, anazoniletea Damari, na kwa ndizi zile nilijua tumepata mtoto mwema.

Tangu ulinyamazishe gari, nimemkuta uso kwa uso mara tatu katika wiki mbili. Mara ya kwanza aliutupa mtungi wa maji ukavunjika. Mara ya pili alijirusha kwenye mtaro wenye upupu. Mara ya tatu hapakuwa na pa kukimbilia: alijifunika kanga usoni, nami nikajifunika kofia, na gari likaenda peke yake mpaka kwenye mihogo ya jirani. Watu wakaanza kusema baba mkwe anamnyemelea. Mimi, kumnyemelea! Juzi amefungasha vitu vyake akarudi kwa wazazi wake Tukuyu. Mwanangu hali, hanywi. Na mimi naona haya, maana nimemfukuza mtoto wa watu kwa grisi.

4. Kwa hiyo naomba unirudishie kelele zangu. Bushi za zamani ulizitupia katika debe karibu na mlango, niliziona. Zitie katika gunia, umpe dereva yeyote wa lori anayekuja Mbeya. Grisi nitaiondoa mwenyewe kwa mafuta ya taa na mchanga. Tafadhali "kwii" itangulie "ngo", isiwe kinyume.

Ukikataa, nitamwandikia Bwana Shauri wa wilaya atunge sheria: fundi asiguse springi za baba mkwe yeyote bila idhini ya mkwewe, baba mkwe atakayekutwa akiendesha kimya ashitakiwe, na wenye magari mapya wafungiwe debe la mawe nyuma mpaka magari yao yatakapochakaa kwa adabu.

Nisalimie mkeo Lusia, watoto wote, na yule jirani yako aliyekuwa akihesabu miruko yangu kwenye bampa. Damari anawasalimu. Jogoo angewasalimu pia.

Ndimi niliyenyamazishwa,
Ambakisye Mwakalobo

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, Damari akarudi kutoka Tukuyu alikokwenda kumbembeleza Tusajigwe, nami nimeifungua tena. Tusajigwe anasema springi hajawahi kuzisikia hata siku moja, maana mimi husikika kabla yazo, tangu darajani, nikiimba. Alikuwa akiukimbia wimbo. Anasema pia kwamba naimba vibaya, lakini hiyo ndiyo sauti pekee ya baba mkwe aliyo nayo, na iliponyamaza alidhani nimechukizwa naye.

Bushi usizilete. Springi ziache zilivyo, umezitengeneza vizuri sana; ndaga fijo, ndiyo asante sana ya kwetu. Kesho Anyosisye atalichukua gari akamlete mkewe. Mimi nitabaki ndani, mlango umefungwa, nikiimba, ili akishuka ajue nilipo.