Kina Nzilani Wawili na Kadi Moja

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeamua. Mwezi huu hauishi kabla sijashika kadi ya ulemavu mkononi.

Sababu ni mguu wa kulia. Wa kushoto ulichukuliwa na polio nikiwa mtoto, huo tulishazoeana. Lakini wa kulia ndio unaokanyaga cherehani, mwaka wa ishirini na sita sasa, na tangu Julai umevimba kama muhogo. Kuna orodha ya cherehani za umeme kwa mafundi wenye ulemavu. Bila kadi huingii kwenye orodha. Bila cherehani ya umeme, kufikia Krismasi nitakuwa nimekaa mlangoni nikitazama mbuzi wa watu wakipita.

Tatizo: chifu ametangaza kwamba ofisi yetu ya kadi inaunganishwa na ofisi nyingine. Faili zote zinahamia kwenye kompyuta. Orodha inafungwa tarehe kumi na tisa.

Nyamai naye anataka kadi. Huyu ni muuza kuku wa kibanda cha jirani hapa sokoni Ikutha, ana jicho moja. Nimemuuliza ana mpango gani. Ati ataenda, apange foleni, angoje. Huo ndio mpango! Nimemhurumia.

Jumatano, 3 Septemba

Ofisini. Foleni mpaka kwenye mti wa mwarobaini. Nyamai alikuwa mbele yangu watu wawili. Nikalalamikia mguu kwa sauti. Hakuna aliyenipisha. Kila mtu pale ana mguu wake wa kulalamikia.

Afisa ni msichana anaitwa Yvonne. Mpole, lakini si wa kuchezewa. Alisema vitabu vya zamani vimefungwa na kompyuta mpya bado inasuasua. Akajaza fomu zetu. Tutamwona daktari Jumanne, halafu majibu yatakuja kwa simu.

Nikamuuliza katikati hapo tufanye nini.

"Hakuna, Mama Ndunge. Kaa tu nyumbani."

Nyamai akasema asante, akarudi kwa kuku wake. Mimi nikae? Ofisi zinahama, faili zinabebwa kama mahindi kwenye gunia lililotoboka, na mimi nikae?

Ijumaa, 5 Septemba

Kiboko! Nimelipata jibu jana usiku nikipiga pasi.

Dada yangu Syombua anakaa Kiboko, upande wa Makueni. Kaunti nyingine, ofisi nyingine, kompyuta nyingine. Faili moja ikipotea, ya pili ipo. Nimetoka alfajiri, nikapitia Kibwezi, saa nne niko kwao. Nikajiandikisha kwenye ofisi yao kama mkazi, nikatoa nambari ya simu ya Syombua. Mama Ndunge ni la heshima tu; jina la kitambulisho nimeligeuza kidogo: Ikutha ni Nzilani Kimeu, Kiboko ni Kimeu Nzilani. Nambari ya kitambulisho ni ileile, lakini nani husoma nambari?

Syombua hakufurahi. Yeye ni shemasi, na ushemasi umemharibu. Nilimwambia ni tahadhari tu.

Bahati: daktari wao alikuwepo leo leo. Nilitaka kumweleza mambo mazito kuhusu miguu yote miwili, lakini Syombua aliingia nami, akakaa, akanitazama. Nikalazimika kusema ukweli kuhusu ule wa kushoto. Wa kulia hata sikuutaja, maana Syombua angedhani naongeza chumvi. Daktari akaandika: mguu mmoja.

Jumanne, 9 Septemba

Daktari wa kwetu. Syombua hayupo. Uwanja ni wangu!

Niliazima mkongojo wa pili. Niliingia nikiugua. Daktari akagusa goti la kushoto, nikapiga yowe. Akagusa la kulia, nikapiga yowe kubwa zaidi. Akauliza kama mguu wa kulia unafanya kazi. Nikasema hata kidogo, daktari, tangu zamani. Akaandika: miguu yote miwili. Ushindi!

Nyamai aliingia baada yangu, akatoka kabla sijakunja fomu. Nikamuuliza amesema nini. Ati amesema jicho hili linaona, hili halioni. Nikamuuliza na nini kingine. Akanitazama kwa lile linaloona. Hakuna kingine.

Ijumaa, 12 Septemba

Nyamai amepata ujumbe. Amekubaliwa. Amezunguka soko zima akionyesha simu, mpaka kwangu, kwa furaha, bila kejeli yoyote. Hilo ndilo lililoniuma.

Simu yangu kimya. Nimevunja sindano mbili. Mguu unawaka.

Jumatatu, 15 Septemba

Ujumbe umekuja. Mmoja kwangu, mwingine kwa Syombua, dakika ileile. Ombi limesimamishwa, fika ofisini.

Nikafika. Yvonne akanigeuzia kompyuta. Kumbe Ijumaa mitambo ya kaunti zote iliunganishwa, na kina Nzilani wawili wakakutana humo ndani. Mmoja yuko Ikutha, hana mguu hata mmoja unaofanya kazi. Mwingine yuko Kiboko, ana mguu mmoja mzima.

"Mama Ndunge, ni yupi kati yenu amekuja leo?"

Nikasema yule wa Kiboko ni pacha wangu.

"Pacha mnaotumia kitambulisho kimoja?"

Nikasema tulizaliwa wakati wa shida.

Hakucheka. Alisema nisipofuta faili moja na kueleza kwa maandishi kufikia Ijumaa, nitaanza upya mwakani. Anaweza kunisaidia, lakini lazima aambiwe ukweli. Nikasema nitafikiria. Nimefikiria njia nzima. Kusema ukweli ofisini, mbele ya foleni? Hapana. Huyo wa Kiboko aondoke tu kimyakimya.

Jumatano, 17 Septemba

Ameondoka. Nimemuua.

Nilipiga simu ofisi ya Kiboko nikajifanya Syombua. Nikasema dada yangu Kimeu Nzilani ametuacha, naomba jina lifutwe. Nililia vizuri sana, hata mimi niliguswa. Karani akanipa pole, akaomba nambari ya kitambulisho. Nikaitaja yote, haraka, bila kukosea hata tarakimu moja.

Rahisi hivyo! Jioni nimeshona magauni mawili ya kwaya nikiimba.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekufa kote. Kumbe kompyuta husoma nambari.

Saa saba nilikuwa nampakulia mume wangu muthokoi simu yake ikalia. Nikamwona Kimeu anasimama, anasema ndiyo, anasema mke wangu? Ananitazama. Ni ofisi ya Yvonne, wanampa pole kwa kuondokewa na Nzilani, na je, atapeleka lini barua ya chifu ya kuthibitisha kifo.

Kimeu si mtu wa maneno. Alikata simu, akakaa, akala muthokoi wote, ndipo akauliza, "Umefanya nini?" Nikamweleza. Akasema yeye amezika mama yake mwaka huu, na hilo si jambo la kuchezea. Akatoka nje kwenda kwa ng'ombe.

Kumbe karani mmoja wa ofisi ya Yvonne anasali kanisa letu. Saa tisa akina mama wameingia uani na majani ya chai, unga, na wimbo wa maombolezo. Nikatoka kuwapokea. Wimbo ukakatika. Mmoja akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Nyuma yao alikuwa Nyamai na jogoo kwapani. Yule mwekundu, ambaye hamuuzi kwa mtu yeyote. Alikuwa amelia. Aliponiona aliachilia jogoo, akanishika mikono yote miwili.

"Mama Ndunge! Nimekuja njia nzima nikijiuliza kile kibanda kitakaaje bila kelele zako."

Nilitaka kutunga kitu. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini yule mtu alikuwa bado hajaniachia mikono. Nikawaambia wote, pale uani, kila kitu. Kiboko, mkongojo wa pili, pacha, simu. Aiya! Aibu ya siku hiyo sitaisahau.

Ijumaa, 19 Septemba

Siku ya mwisho, na ni siku ya soko. Nyamai amefunga kibanda chake twende wote. Sikumwomba. Kimeu naye amekuja, amevaa koti.

Yvonne alisema kompyuta haiwezi kumpokea marehemu bila mashahidi wawili. Nyamai akanyoosha mkono: amenisikia nikigombana jana, juzi na leo asubuhi. Kimeu akasema huyu ni mke wangu, niko naye. Hayo tu. Nikafuta macho kwa leso.

Halafu nikamwambia Yvonne ukweli, foleni nzima ikisikiliza. Akaandika, mimi nikatia sahihi. Akanipeleka kwa daktari. Sasa nikasema tu kama ilivyo: wa kushoto ni polio, wa kulia umechoka kwa kukanyaga, unavimba, naogopa. Daktari akauminya. Akauliza mbona sikusema hivi tangu mwanzo. Mguu unaobeba kazi ya miwili ukianza kuharibika, hiyo ndiyo hali wanayoitanguliza kwenye orodha ya cherehani. Akaandika dawa, na kwamba nipumzike kukanyaga.

Basi ukweli ulikuwa mkubwa kuliko uongo wangu wote! Nani angejua?

Ofisi ilifungwa saa kumi na moja. Jina langu liliingia kwenye kompyuta saa kumi na dakika hamsini. Yvonne akasema, "Karibu tena duniani, mama."

Jumatatu, 29 Septemba

Nimekubaliwa! Kadi ninayo mkononi, na kwenye orodha ya cherehani niko wa nne. Mashine zinakuja Januari. Jumapili nilisimama kanisani nikashukuru, nikaahidi mbele ya wote kwamba njia za mkato nimeziacha. Akina mama walipiga makofi. Nyamai alipiga zaidi. Nimemshonea shati, amelivaa hata kwenye vinyesi vya kuku.

Leo Yvonne ametuita sote wenye kadi. Ofisi inahama tena mwaka mpya. Kompyuta nyingine, ya nchi nzima. Majina yatahamishwa yenyewe. Alituambia kitu kimoja tu, akanitazama mimi alipokisema: tusifanye lolote.

Nimeitikia kwa kichwa. Nilimaanisha kabisa.

Lakini majina mangapi yanahamishwa? Elfu ngapi? Na wa nne ni mtu rahisi sana kudondoka njiani. Kumdondosha wa kwanza kila mtu ataona. Wa nne?

Nimemwambia Kimeu kesho naenda Zombe kutafuta vitambaa vya kwaya. Ni mbali, najua. Kitambulisho nimekitia kwenye mkoba. Kule ofisi yao ni ndogo, hawanifahamu, na tena Zombe sijawahi kufa.