Nilishamwambia Pole

Jumatatu, 3 Juni

Mchungaji Kai ameniita baada ya kazi. Nikaenda mbio, sukari ya magunia bado imo masikioni. Nilidhani ni ufunguo.

Ufunguo wa chumba cha nyuma ya kanisa. Anayefundisha watoto Sande skuli ndiye anayelala humo, alinde viti na ngoma. Kina dirisha. Kina mlango wenye komeo. Ninapolala sasa hapa Changamwe tuko wanaume sita, na malori ya mafuta yanapita karibu na kichwa changu mpaka asubuhi. Tangu nitoke kwetu Butere sijageuka kitandani bila kuomba ruhusa.

Haukuwa ufunguo. Mchungaji alitaka habari za Munga.

Munga ni kuli mwenzangu godauni, na bintiye Jumwa yuko katika darasa langu. Mwezi uliopita gunia la sukari liliniponyoka begani likamwangukia mguuni. Gunia lilikuwa limelowa. Nimeeleza hivyo kwa kila mtu. Tangu siku hiyo hanisemeshi.

Mchungaji anasema Jumapili hii somo la watoto ni kusamehewa na kuponywa, habari za yule mtu aliyepooza ambaye wenzake walitoboa dari wakamteremsha. Akaniuliza nitalifundishaje ikiwa baba wa mmoja wao hanipi hata salamu. Tupatane kabla ya Jumapili. La sivyo darasa na ufunguo vinakwenda kwa Philister, naye anakitaka chumba hicho.

Nikamwambia nilishamwambia Munga pole. Mbele ya watu. Mchungaji akavuta pumzi ndefu, akaangalia dirishani. Yeye ni mtu wa Kaloleni. Watu wa huko wakivuta pumzi hivyo ujue umekosea, ila hawakuambii wapi.

Sikula.

Jumanne, 4 Juni

Nimemkuta Munga ameketi juu ya gunia tupu, anashona magunia yaliyopasuka. Ndiyo kazi aliyopewa tangu mguu uvimbe. Nyapara amemwambia ikifika mwisho wa mwezi hajaweza kubeba, asirudi.

Nikamwamkia vizuri. Nikamwambia pole, Munga, pole kwa mguu.

Akaniuliza mguu wa nani. Nikamwambia wako. Akaniuliza habari zake nilizipata wapi, au zilitangazwa redioni. Makuli wote wakacheka. Nikasema pole tena, kwa sauti zaidi, pengine hakusikia. Akasema ahsante sana, jirani mwema, na siku akifa nisikose kwenda kuwapa pole wafiwa. Kisha akaidunga ile sindano kwenye gunia kana kwamba gunia ni mimi.

Sijui hawa watu wa Pwani wanataka neno gani. Kwetu ukimkanyaga mtu unasema pole, naye anasema haidhuru, basi, kila mtu anashika njia yake.

Jioni nikapita kanisani. Philister yuko nje ya chumba changu, anapima dirisha kwa leso yake, apate kipimo cha pazia. Aliponiona akasema karibu, mwalimu. Amenikaribisha. Kwangu.

Jumatano, 5 Juni

Watoto wamekuja kufanya mazoezi ya igizo. Nikawasimulia ile habari yote, dari, kamba, mkeka, umati. Nilisimulia vizuri. Hata wale wanaopigana walitulia.

Jumwa akanyoosha mkono. Ana miaka saba, meno ya mbele hana. Akauliza yule mtu aliyepooza aliomba msamaha kwa maneno gani. Nikasema aliomba kama wanavyoomba watu. Akasema mbona hukuyasoma.

Nikarudi kwenye Biblia. Nikasoma kwa kidole, maana shule niliiacha mapema. Nikasoma tena. Yule mtu hasemi neno. Amebebwa, ameteremshwa, amenyamaza, na amesamehewa kwanza kabla hata ya miguu kuponywa. Kimya kimya.

Moyo ukaruka. Kumbe inawezekana kusamehewa bila kuomba.

Jumwa alikuwa hajamaliza. Akasema babake anasema mimi sijamwomba radhi. Nikamwambia nimempa pole mara nyingi kuliko daktari. Akaniangalia kwa huruma. Akasema, mwalimu, pole ni ya mgonjwa na mfiwa, hata mpita njia anaitoa, lakini aliyeuumiza mguu husema niwie radhi. Watoto wenzake wakaitikia kwa pamoja, niwie radhi, kama korasi.

Nikamwambia aketi. Watoto wa hapa wanasahihisha Kiswahili cha mtu mzima bila aibu. Kwanza, radhi ni neno la mwenye kosa. Mimi nilikuwa na gunia lililolowa.

Nimewaza jambo lingine kabisa. Jambo zuri.

Ijumaa, 7 Juni

Limefanyika. Naandika nimelala kifudifudi, mgongo unawaka.

Mchana nilianguka godauni, Munga akiwa amekwenda kwake kupumzisha mguu. Polepole, nisijiumize. Nikashika kiuno nikasema mgongo, mgongo. Nguma mwenye mkokoteni akanipakia. Akataka kunipeleka hospitali, Port Reitz si mbali. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayekata roho anipeleke kwa Munga, Chaani. Akauliza Munga amekuwa daktari lini. Nikafumba macho.

Njia ni mbaya. Ilinibidi nimwelekeze. Kushoto, Nguma. Shimo hilo, Nguma.

Mlango wa Munga ni mwembamba, mkokoteni haukuingia. Nguma husikiliza sana kanisani, ndilo tatizo lake. Akasimama, akaangalia paa, akauliza kama akatafute ngazi. Nikamwambia hapana.

Munga akatoka anachechemea. Akanitazama muda mrefu. Nikaganda. Nilisikia moyo wangu ukigonga mbao za mkokoteni, nikaogopa naye anausikia. Kisha akaniinua yeye mwenyewe, juu ya mguu ule ule, akaniingiza ndani akanilaza kitandani kwake. Akasema, ndugu yangu, mimi sina neno nawe tena, nimekusamehe, pumzika.

Hivyo tu. Sikufungua mdomo. Kama ilivyoandikwa.

Kwa furaha nikamwambia pole. Akacheka kidogo, akatoka nje.

Mkewe Dama amenisugua mafuta ya nazi yaliyotiwa pilipili. Amesema maumivu yatakimbia. Yangekuwepo yangekimbia kweli. Sasa ndiyo yamekuja.

Jumamosi, 8 Juni

Nimelala kutwa. Sijui nipone lini. Nikipona leo watashangaa, nisipopona kesho nitafundishaje. Nimepanga kuanza kupata nafuu kesho baada ya ibada, nimalizie Jumatano.

Munga ametembea mpaka godauni kwa mguu wake kumbembeleza nyapara nafasi yangu isipewe mtu. Amerudi mguu umevimba kama papai. Nafasi yangu ipo. Ameniambia nisiwe na wasiwasi. Nimekuwa na wasiwasi zaidi.

Yeye na Dama wamelala chini kwenye mkeka. Kitanda chao ni kizuri. Nimegeuka mara nyingi nipendavyo.

Jumwa ameketi miguuni pangu adhuhuri nzima, ananiangalia. Nzi akatua kwenye unyayo wangu, nikaupiga teke. Jumwa akaona. Hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Jumapili, 9 Juni

Niandike upesi.

Nguma alinileta kanisani kwa mkokoteni, mpaka mbele kabisa. Alikuwa amevaa tai. Watoto wakanizunguka, wakaniwekea mikono, mingine ina maembe. Wakaomba. Jumwa aliomba kwa sauti kuliko wote, akamwambia Mungu kwamba mwalimu ameshasamehewa na babake, kwa hiyo imebaki kazi ndogo ya mgongo tu.

Nilikuwa nimekusudia kusogeza kidole kimoja. Lakini Philister akasimama, akasema katika kwaya yumo muuguzi, na zahanati yake iko hapo ng'ambo ya barabara, akalete ile sindano ya mgongo, ile ndefu. Alisema ndefu akinitazama machoni.

Nikasimama. Sikukusudia. Miguu iliamua yenyewe.

Watoto wakapiga kelele, kina mama wakapiga vigelegele, Nguma akalia. Mchungaji akasema hajaona somo likifundishwa hivi, akatoa ufunguo mfukoni akanipa mbele ya wote. Ulikuwa wa moto. Nilikuwa na furaha kwa muda mfupi sana.

Kwa sababu Jumwa alikwenda nyuma akamshika babake mkono, akamleta polepole mpaka mbele, akamketisha juu ya mkokoteni wangu, akamvua kiatu. Mguu ule. Sikuwa nimeutazama tangu siku ile. Kidole gumba kimekuwa cheusi, kucha haipo. Jumwa akaweka mikono yake, akachukua na mkono wangu akauweka juu. Akasema, sasa baba.

Munga akaniangalia. Hayakuwa macho ya mtu asiyejua kitu. Lile neno la watoto likanipanda kooni, nikalihisi hapa, kama mwiba wa samaki. Ningefungua mdomo tu lingetoka. Lakini ufunguo ulikuwa katika mkono mwingine.

Tukaomba. Mguu ukabaki mguu.

Jumwa akauliza, baba, umepona? Munga akasema naona umekuwa mwepesi kidogo, mwanangu. Akasimama kwa mguu huo ili amwonyeshe, jasho likamtoka. Jumwa hakuwa mjinga. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni yeye aliyekosea mahali.

Nikamwambia, pole, Jumwa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimehamia. Chumba kizuri, komeo linafanya kazi. Jumapili ijayo somo la watoto ni kusema kweli. Nimemwomba Philister anishikie darasa. Amekubali haraka mno, sijui ana nini yule mwanamke.

Munga ndiye aliyenisaidia kuhama. Alijitwika sanduku langu kichwani huku anachechemea. Nilimkataza, ila si kwa nguvu.

Tulipofika mlangoni akaniambia alijua tangu Ijumaa, alipotusikia tukija njiani. Mtu aliyevunjika mgongo hamwelekezi mwenye mkokoteni kila shimo la Chaani. Nikamuuliza basi kwa nini alinisamehe. Akasema nyapara amemkataza kubeba mizigo, na hasira yake juu yangu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko yote, akaona aitue. Alisema kama mtu anayezungumza habari za mvua.

Akasema yeye hanidai neno. Ila Jumwa tangu jana hataki kuombea hata chakula. Amemwambia mamake kwamba mikono yake ilimponya mwalimu ikamkataa babake, kwa hiyo ni mikono mibaya. Akaniomba niende kwa mtoto, nimweleze kweli ilivyokuwa, na nimwambie lile neno. Si la wagonjwa. Lile lingine.

Nikaona haya kweli. Nilitaka anyamaze kabla Philister hajapita. Nikasema nitaangalia, nitaangalia, lete sanduku, nikalivuta kwa haraka. Likaponyoka. Likamwangukia mguu wa pili, ule mzima.

Akaketi kizingitini ameushika. Akanitazama tu, anangoja, kama mwalimu anavyomngoja mtoto aliyekaribia jibu.

Nikamwambia pole. Nikamwambia pole sana, na nikampa biskuti za Jumwa, amfikishie na pole zangu. Bado anangoja. Ikabidi nimweleze kwamba sanduku lilikuwa limelowa.